Mji Usifunge Njia ya Diko

Hapana mwenye akili timamu awezaye kuikataa neema ya barabara, maji ya mfereji na zahanati, wala mimi simo katika wale walalamikao kila tofali liwekwapo. Lakini kila nivukapo kwenda Kigamboni, ng'ambo ya lango la bandari ya Dar es Salaam, hunijia fikra kwamba mji huu unajengwa kwa haraka ya mnunuzi wa viwanja, na mwenyeji wake wa asili, ambaye ni mvuvi, amesahauliwa.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza azma ya kujenga huko mji mpya, wananchi wakazuiwa kuyaendeleza maeneo yao kwa miaka kadhaa, kisha mpango ukafutwa. Aprili 2016 likafunguliwa daraja la mita 680 lenye jina la Mwalimu Nyerere, na watu waliozoea kusubiri pantoni, au kuzunguka kwa njia ya Kongowe, wakavuka kwa dakika chache. Tangu hapo minazi ya Kibada na Mjimwema imekuwa ikiangushwa, na mahali pake pakisimama mageti ya chuma.

Asubuhi moja ya maji bamvua nilimkuta mzee ameinamia mashua yake, akiitia kalafati kwa pamba na mafuta ya sifa, katika kivuli cha ukuta mrefu. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, akaniambia kwamba kivuli kile zamani kilikuwa cha mkungu, na mkungu haukuwa na mlinzi wa kumwuliza mtu aendako. Kwenda pwani sasa humlazimu kuzunguka kuta tatu, naye amebeba makasia na jarife begani.

Yamkini wako watakaosema kwamba hayo ndiyo maendeleo. Sikubali, kwani Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na pwani si milki ya aliyejenga mbele yake. Aidha, hao wenye nyumba mpya nao hula samaki, na samaki hashuki ghorofani.

Nawasihi basi wapimaji wa ardhi na madiwani: kabla hakijauzwa kiwanja cha kwanza, ramani ionyeshe lilipo diko, yaani pale mashua zifikiapo pwani, pamoja na njia ipitishayo watu wawili waliobeba makasia na jarife.