Sheria ya Moshi Ianzie Jikoni

Mwezi huu naomba niseme juu ya moshi, maana nauona kila siku katika banda ambamo ndugu wa wagonjwa hupika uji. Mama huingia na mtoto mgongoni, hutoka macho mekundu. Serikali hutaja vifo 33,000 nchini kila mwaka vitokanavyo na moshi wa kupikia. Wodini hatuandiki "moshi" kwenye kadi, tunaandika kichomi.

Moshi huo pia hubeba hewa ya ukaa inayoongeza joto la dunia. Mataifa makubwa huitoa viwandani na katika magari. Sisi huitoa zaidi kwa kufyeka misitu, hekta zipatazo 469,000 kwa mwaka kwa makadirio ya serikali, kwa ajili ya mashamba na mkaa. Katika tanuri la udongo, kilo 10 za mti hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa.

Makatazo tumeyaona. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku, haikudumu. Baadaye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Ni agizo jema, na majumbani mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku. Lakini mtungi ukiisha, mama wa hapa Kapalamsenga hurudi kwenye mafiga, kwa kuwa kuni za porini haziulizi fedha.

Mimi naamini zaidi sheria inayompa mtu kitu mkononi. Katika wilaya yetu ya Tanganyika, vijiji vinane, miongoni mwao Mwese na Katuma, vinatunza misitu ya milima ya Ntakata na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayoshikiliwa na miti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliwapa wanakijiji mamlaka juu ya msitu. Kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zikaweka utaratibu. Fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa, zimelipia hata bima ya afya. Mama mwenye bima humleta mtoto siku ya kwanza ya homa, si ya tano.

Hata hivyo, kuni bado zinawaka. Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Basi sehemu ya fedha za misitu inunue majiko banifu na kupunguza bei ya gesi vijijini. (Gesi nayo hutoa hewa ya ukaa, lakini mtoto hakohoi.)

Kwa sasa, akina mama, tumieni kuni kavu, fungueni madirisha, na mtoto akae nje kwa bibi yake hadi chungu kiive.