Tarumbeta Zilinyamaza Juu ya Jina la Tatu



Sifa za Force Publique, ngoma zake na tarumbeta zake, zilisimama juu ya majina mawili: Tabora, 19 Septemba 1916, na Saio, 3 Julai 1941. Hatukatai. Askari wale walikuwa ndugu zetu, na wapagazi wetu walikufa njiani bila nishani.

Lakini twauliza: mbona gwaride halikutaja jina la tatu? Mwaka ule ule wa 1941, miezi mitano baada ya Saio, wafanya kazi wa migodi pale Elisabethville, leo Lubumbashi, waligoma. Walitaka mshahara wa kutosha. Walikusanyika uwanjani pa mpira. Tarehe 9 Desemba askari wa jeshi lile lile walipewa amri, wakapiga risasi. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Hawa hawakuwa Wataliani; walikuwa baba zetu.

Askari naye alifungwa na amri. Hata siku ya 30 Juni 1960 hakuna Mkongo aliyekuwa ofisa. Siku chache baadaye Jenerali Janssens aliwaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Jeshi likaasi.

Basi vifungo vinavyong'aa visitupumbaze. Jeshi la wananchi halijulikani kwa ngoma. Linajulikana kwa upande bunduki zake zinapoelekea. Gwaride linalotaja Tabora na Saio, litaje na uwanja ule. Hapo tutapiga makofi.