Waris Dirie: Umaarufu wa mwanamitindo na funzo lake kwa milima ya Sebei

Simulizi ya Waris Dirie inapendwa kwa sababu inaonekana kuwa na mwisho mwema. Binti wa wafugaji wa kuhamahama, aliyezaliwa Somalia mwaka 1965, alitoroka nyumbani akiwa na umri wa takriban miaka 13 ili asiozwe kwa mzee. Alifika London kuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya jamaa yake aliyekuwa balozi wa Somalia, kisha akajikimu kwa kazi za kipato cha chini hadi mpiga picha Terence Donovan alipomwona.

Mwaka 1987 alionekana katika kalenda ya Pirelli na pia katika filamu ya James Bond, The Living Daylights. Mwaka 2009 maisha yake yenyewe yaligeuzwa filamu, Desert Flower, iliyoongozwa na Sherry Hormann, huku mwanamitindo wa Ethiopia, Liya Kebede, akiigiza nafasi yake.

Hata hivyo, kwa wakazi wa mashariki mwa Uganda, hasa wale wa miteremko ya Mlima Elgon, tukio lenye uzito zaidi ni la mwaka 1997. Mwaka huo Dirie aliliambia jarida la mitindo la Marie Claire kwamba alikeketwa akiwa na umri wa takriban miaka mitano. Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa balozi maalumu wa kupinga ukeketaji, wadhifa alioushika hadi 2003.

Je, umaarufu unatosha?

Takwimu zinajibu bila huruma. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Somalia uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 99 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ingawa katiba ya mpito ya mwaka 2012 inapiga marufuku kitendo hicho. Dirie aliifanya aibu iliyofichwa kuwa mjadala wa dunia. Hakuweza, peke yake, kubadili hesabu inayofanywa na mzazi anayehofia kuwa binti yake hataolewa.

Hesabu hiyo ilijitokeza wakati wa utengenezaji wa filamu yenyewe. Mtoto aliyeigiza Waris mdogo alitoka katika familia maskini ya Djibouti, nchi ambayo ukeketaji umeenea sana. Taasisi ya Dirie iliingia mkataba na wazazi wake: wasimkekete, nayo ingeisaidia familia. Yaani sinema ya kupinga ukeketaji ililazimika kumlinda mwigizaji wake kwa makubaliano ya maandishi. Wazazi walikuwa wameijua hadithi ya Dirie, lakini kilichohitajika ni ahadi yenye manufaa kwa pande zote mbili.

Sebei ilitangulia

Mbale, imbalu, yaani tohara ya vijana wa kiume wa Bamasaaba, hufanyika hadharani kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kaskazini mashariki mwa mji huo, katika wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo, Wasabiny walikuwa na desturi ya kuwakeketa wasichana katika miaka hiyohiyo, aghalabu mwezi Desemba. Mwanamke ambaye hakukeketwa alinyimwa heshima ya mtu mzima; hata kuchota nafaka ghalani angeweza kukatazwa.

Wazee wa Sabiny walielewa kwamba mila haiondolewi bila kuwekewa mbadala. Mwaka 1996 ulianza mpango uliobakiza sherehe na zawadi za kuingia utu uzima, ukaacha kisu. Mwaka 1998 chama chao kilipata Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa.

Sheria ilikuja baadaye. Mwaka 2010 Uganda iliharamisha ukeketaji, kwa adhabu inayofikia kifungo cha miaka 10, au cha maisha pale kosa linapokuwa zito zaidi. Kitaifa, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kiwango cha asilimia 0.3 pekee. Lakini wastani huo wa nchi nzima unaficha wilaya chache, na hofu ya kukamatwa imewasukuma baadhi ya watu kukeketwa kwa siri au kuvuka mpaka kuingia Kenya, ambako nako ni kosa kisheria tangu 2011.

Hapa ndipo hadithi ya mwanamitindo na ile ya wazee wa milimani zinapokutana. Sauti ya mtu maarufu hufungua mlango na sheria huweka mpaka. Msichana wa Bukwo, hata hivyo, analindwa siku ile mama mkwe wake atakapomruhusu kuingia ghalani akiwa mzima. Kabla ya kila Desemba ya mwaka kama huo, swali kwa serikali na wafadhili ni kama fedha za kampeni zinafika kwa wazee, akina mama wakwe na ngariba wanaotafuta riziki nyingine, au zinaishia kwenye mabango.