Taa Mpya kwa Nyaya Mbovu

Dereva ashukaye mlima Kitonga usiku, nyuma ya lori la mizigo, huongozwa na taa nyekundu zilizo mbele yake. Zikiongeza mwanga, anajua kwamba lori linafunga breki. Zikibaki hafifu, anaamini kwamba njia ni salama, naye anaendelea. Uhai wake na wa abiria wake umo katika waya mwembamba uliounganishwa na mtu asiyemjua.

Katika miaka ya karibuni wenye malori wengi wameacha balbu na kufunga taa za LED. Uamuzi huo ni wa busara. Taa hizo hazina uzi wa kukatika kwa mitikisiko ya barabara, na hutumia umeme kidogo. Balbu ya indiketa ya wati 21 katika lori la volti 24 huvuta karibu ampea 0.9, taa ya LED ya wati 3 huvuta ampea 0.125 tu.

Hata hivyo, taa mpya haiponyi kazi ya ovyo. Balbu ya kawaida haibagui chanya na hasi. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Balbu nyingi hurudisha umeme kupitia kitako chake na bodi ya gari. Taa nyingi za LED zina waya wake wa kurudishia. Waya huo ukifungwa juu ya kutu au rangi, au ukisokotwa tu na kuzungushiwa utepe, maji na vumbi huingia, kiungo huoza, na taa hufifia au kuzima wakati ule ule breki inapokanyagwa.

Ipo pia indiketa inayopepesa kwa kasi mara balbu inapoondolewa. Flasha nyingi zimeundwa kufanya hivyo umeme unapopungua, ili dereva ajue kwamba balbu imeungua. Fundi asiyelijua hilo huilaumu taa. Mwingine huongeza rezista, ambayo hula umeme uliokusudiwa kuokolewa, tena huwa ya moto kiasi cha kuyeyusha plastiki iliyo karibu. Dawa iliyo bora ni kufunga flasha iliyotengenezwa kwa ajili ya LED.

Hapo ndipo wajibu wa walimu na watumishi wa umma unapoonekana. Kanuni ya Ohm, iliyotangazwa mwaka 1827, hufundishwa katika shule za sekondari. Mwanafunzi huikariri, hufaulu mtihani, kisha huingia gereji asijue kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyomo nyuma ya taa ya lori. Elimu isiyofika kwenye spana ni elimu nusu.

Kadhalika, ofisa apokeaye gari la umma kutoka gereji asiridhike kwa kuona taa zikiwaka uwanjani mchana. Avikague viungo, adai volti zipimwe kwenye taa huku breki imekanyagwa, ndipo atie saini.

Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, lakini sheria peke yake haikazi skrubu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, gharama ya ukuta huo ni roho za watu.