Damu ya AS: ni kweli palu haiwezi kumushinda mutoto?

Hapa Bunia, watu wengi wanajua hemoglobini yao siku ya kupanga ndoa tu: AA, AS ao SS. Wakiwa AS wote wawili, kila mimba iko na nafasi 1 juu ya 4 ya kuzaa mutoto SS. Hiyo watu wameisikia. Lakini kuko pia wazazi wanaosema mutoto wa AS ana damu ya nguvu, palu haimuwezi.

Neno hilo halikutoka hewani. Mwaka 1954, munganga Anthony Allison, aliyekomea Kenya, alionyesha kwa kazi aliyofanya Uganda, pale ngambo ya mupaka wetu, kwamba watoto wenye kubeba S moja hawakupatwa sana na malaria kama wengine. Tafiti za nyuma zilikuta AS inapunguza malaria kali kwa karibu 90%. Njo maana S imebaki mingi kwetu, hata kama SS inaua: penye mbu mingi, mwenye S moja alikuwa na bahati zaidi ya kukomaa na kuzaa.

Sasa, kidudu cha malaria nacho hakikulala. Mwisho wa 2021, gazeti la sayansi Nature lilitoa kazi juu ya watoto 3.346 wa Gambia na Kenya waliogonjwa malaria kali. Watafiti walipima damu ya mutoto pamoja na jeni za kidudu chake. Wakakuta mabadiliko pahali patatu ndani ya jeni za kidudu. Watoto wenye S walikuwa wachache kati ya wale wagonjwa, lakini karibu wote walibeba kidudu cha aina hiyo. Mbele yake, ulinzi wa AS karibu hauonekani tena. Na aina hiyo ni mingi zaidi kwetu Afrika, penye S nayo ni mingi.

Kwa hiyo mutoto wa AS asinyimwe chandarua juu ya kuachia wengine. Kwa mutoto SS ni hatari zaidi: yeye hana ulinzi ule, na malaria inamumalizia damu haraka.

Akipata homa, test ya haraka ya centre de santé inaonyesha tu kama malaria iko ao haiko. Kidudu ni cha aina gani, haisemi.