Kilomita 690 Zisizo na Msafiri

Hoja ya wanaowabeza wasafiri mmeshaisikia: kutoka Mpanda hadi Songea ni kilomita 690, ndege inakula dakika 50, gari saa tisa, kwa hiyo wanaolalamika kwamba miji hiyo imetengwa wanadeka. Hesabu imetolewa kwenye kikokotoo cha mtandaoni, nayo inatajwa kama hukumu ya mahakama ya rufaa. Tuipitie dai kwa dai. Wasomaji ndio mtakaoamua.

Dai la kwanza ni umbali wenyewe. Namba hiyo ni sahihi: ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya miji hiyo miwili, ikipimwa angani. Lakini mstari huo unakatisha bonde la Rukwa, unapita karibu na Mbeya, kisha unavuka safu ya Kipengere. Basi halipiti huko. Barabara kuu inateremka Sumbawanga hadi Tunduma, inageukia Mbeya, inakwenda Makambako, inashika Njombe, ndipo ifike Songea. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,000. Kikokotoo hakikudanganya, waliokinukuu ndio waliosahau kusema kinapima nini.

Dai la pili: saa tisa kwa gari. Jibu hilo hupatikana kwa kugawa 690 kwa 80, ambacho ndicho kikomo cha mwendo wa basi nchini. Yaani wamechukua umbali wa ndege, wakaupa mwendo wa basi, kisha wakaiita safari ya barabarani. Gawa kilomita 1,000 kwa 80 hiyo hiyo: ni saa 12 na nusu, tena kwa basi lisilosimama mizani, lisiloshusha abiria na lisilojua mlima.

Dai la tatu: dakika 50 angani. Ili kumaliza kilomita 690 kwa muda huo, ndege lazima iende zaidi ya kilomita 820 kwa saa tangu inapoacha ardhi hadi inapotua. Huo ni mwendo wa jeti kubwa ikiwa imeshatulia juu. Pangaboi aina ya Dash 8 Q400, inayohudumia viwanja vya namna hii, huenda kama kilomita 650 kwa saa, ukiacha muda wa kupanda na kushuka.

Hata hivyo, hilo ni kosa dogo. Kubwa ni kwamba dakika hizo ni za safari isiyo kwenye ratiba. Safari za Air Tanzania zimepangwa kuanzia Dar es Salaam. Abiria wa Mpanda huruka takriban kilomita 900 kwenda mashariki, hubadilisha ndege, kisha huruka nyingine 580 hivi kurudi kusini-magharibi. Jumla inakaribia 1,500, zaidi ya mara mbili ya namba yao, kabla ya kuhesabu kusubiri.

Wakibanwa, hujitetea kwamba muda ule ni wa kinadharia tu. Sawa. Ila kama ni wa kinadharia, hauwezi kumshitaki msafiri wa kweli kwa kudeka. Wachague moja.

Na kama kilomita ndizo zinazoamua, Songea ingekuwa karibu sawa kwa mtu wa Dar es Salaam na wa Mpanda: 580 dhidi ya 690. Mmoja hupanda ndege moja, mwingine mbili. Tofauti hiyo haikuwekwa na jiografia. Imewekwa na ratiba. Anayetaka kuwahukumu watu wa Mpanda alete ratiba, si rula.