Mwenyeji wa Bogoria Naye Apone

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Ziwa Bogoria, Baringo, mgeni alikuja, mwenyeji akafukuzwa.

Mwaka 1973 Serikali ilitangaza ardhi ya Waendorois kandokando ya ziwa hilo kuwa hifadhi ya wanyama. Wafugaji hao wakatengwa na malisho yao, chumvi ya mifugo na mahali pao pa ibada. Kwa mujibu wa maelezo yaliyowekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mwaka 1986 familia 170 kati ya 400 zilipewa takriban shilingi 3,150 kila moja.

Sisi hatupingi uhifadhi. Msitu ukikatwa na chemchemi ikikauka, wa kwanza kuumia ni mwanakijiji yuyo huyo. Tunachopinga ni watu kuamuliwa bila kuulizwa. Tabia ya mmoja kuamuru na umma kuitikia, tuliyoipiga vita hadi Kifungu 2A cha Katiba ya zamani kikafutwa mwaka 1991, haikuwa ya kura peke yake. Ilitawala pia malisho na maji.

Mwezi Februari 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa Tume kwamba Kenya ilivunja haki za Waendorois, ikiwemo haki ya maendeleo. Tume ilipendekeza warudishiwe ardhi, walipwe fidia na wagawiwe mapato. Hata hivyo, mwaka 2011 ziwa liliingizwa katika Urithi wa Dunia, na Tume ikasikitika kuwa jamii haikushirikishwa ipasavyo. Nayo Katiba ya 2010, Kifungu 69, yaagiza faida za maliasili zigawanywe kwa haki.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, hati ya ardhi ya jamii. Pili, viti vya wenyeji katika usimamizi, wala si vya kupamba mkutano. Tatu, fungu la ada za langoni liandikwe wazi na hesabu yake isomwe hadharani kila mwaka, wananchi waone limejenga zahanati gani na kuchimba kisima kipi.

Waumini wanakijua kisa cha Nabothi. Ahabu naye alitaka bustani tu. Makanisa na wanaharakati wasimwache Nabothi peke yake. Tumwulize kila anayetuomba kura: uamuzi wa 2010 utatekelezwa lini kwa ukamilifu?